Kimbunga Kikitangazwa: Somo kwa Watu wa Mlimani Wenye Ndugu Pwani

Mtu wa Mwika aweza kuuliza: Kimbunga cha baharini kinanihusu nini? Kutoka hapa hadi bahari iliyo karibu, yaani ya Mombasa, ni karibu kilometa 250 kwa mstari ulionyoka, nasi tuko juu mlimani, mahali ambapo maji ya bahari hayatafika kamwe. Swali hilo ni la haki. Lakini ni nyumba gani hapa isiyo na mtoto, ndugu au shemeji aishiye Dar es Salaam, Tanga, Lindi au Mtwara? Wengine ni walimu, wengine wauguzi, wengine wana maduka. Hao wamekulia kwenye migomba. Hawakufundishwa na babu zao tabia za bahari kama mtoto wa Kilwa alivyofundishwa. Na baadhi yenu mnaosoma ukurasa huu mtapelekwa pwani kwa chuo au kwa kazi kabla ya miaka mingi kupita.

Tena vimbunga hugusa hata mashamba yetu. Mwaka 2019, mwezi Machi, kimbunga Idai kilipokuwa kikizunguka katika mlango wa bahari wa Msumbiji, kiliivuta hewa yenye unyevu upande wake, na masika ya Afrika Mashariki yakachelewa. Wakulima walitazama mbingu wakangoja, wasijue kwamba mvua yao imeshikwa na kitu kilicho mbali kiasi hicho.

Kimbunga ni nini

Wengi wenu mmeiona chamchela ya vumbi kule Himo wakati wa kiangazi, inavyozunguka na kuchukua makaratasi na majani. Kimbunga nacho huzunguka, lakini kufanana kwao kunaishia hapo. Chamchela huvuka uwanja wa mpira kwa dakika moja ikapotea. Kimbunga chaweza kuwa na upana wa kilometa mia kadhaa, nacho huishi siku nyingi. Huzaliwa juu ya bahari yenye joto la nyuzi 26 au 27 za Sentigredi na zaidi. Maji hugeuka mvuke, mvuke hupanda, na unapogeuka tena kuwa maji huko mawinguni hutoa joto lililokuwa ndani yake. Joto hilo huzidi kuipandisha hewa, na hewa nyingine hukimbilia chini kujaza nafasi. Kuzunguka kwa dunia huipinda hewa hiyo inayokimbia, na huku kusini mwa Ikweta huizungusha kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Kimbunga kikifika nchi kavu hukosa maji ya moto, kikafifia, kama jiko lililonyimwa kuni.

Karibu sana na Ikweta nguvu hiyo ya kupinda ni ndogo mno, ndiyo sababu vimbunga havizaliwi huko. Jambo hilo, pamoja na kisiwa cha Madagaska kilichosimama kama ukuta upande wa kusini mashariki, limeiokoa pwani yetu mara nyingi. Nasema mara nyingi, sisemi mara zote.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Merikebu za Sultani Barghash zilizokuwa bandarini ziliharibiwa, na sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa ikaangushwa. Mkulima wa kahawa ataelewa hasara hiyo kuliko mtu mwingine yeyote, kwa maana mkarafuu haupandwi leo ukavunwa mwakani. Hutaka miaka mingi. Pemba haikuumia sana, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwa karafuu. Ng'ambo ya pili, Bagamoyo nayo ilipigwa. Katika Aprili 1952 kimbunga kingine kiliingia Lindi, kikaua watu zaidi ya 30.

Baada ya hapo vizazi viwili vikakua bila kuona jambo kama hilo, hata watu wakaanza kudhani kwamba vimbunga ni vya Madagaska na Msumbiji tu. Ndipo vikaja vitatu kwa miaka mitano. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji, jirani kabisa na Mtwara. Mtwara walikuwa wamefunga shule na kuhamisha watu. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilielekea Dar es Salaam, lakini kikafifia kabla hakijatua. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Boti za kwenda Unguja zilisimamishwa, na ingawa upepo wake ulikuwa umekwisha pungua, mvua zake zilizoa barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi huko Somanga, wilaya ya Kilwa, hata magari yakakwama huku na huku.

Tazama miezi hiyo. Vyote vilikuja Aprili au mwanzo wa Mei, wakati kaskazi imekwisha kufa na kusi haijashika barabara, wakati mabaharia wanaouita maleleji. Mwenye ndugu pwani na aikumbuke miezi hiyo.

Maji ndiyo yauayo

Watu huogopa upepo kwa sababu wausikia. Ni kweli upepo una nguvu: ukiongeza mwendo wake mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne. Lakini katika vimbunga vingi waliokufa wengi wao walikufa maji. Upepo huisukuma bahari kuelekea pwani, na mahali penye maji machache, kama kati ya Mafia na delta ya Rufiji, maji hayo hayana pa kwenda ila kupanda. Meta moja ya ujazo ya maji ni tani nzima. Hakuna ukuta wa udongo uwezao kuzuia hayo. Kisha kuna kujaa na kupwa. Kimbunga kikifika wakati wa maji mafu hudhuru kidogo kuliko kikifika bahari imejaa siku za bamvu, yaani mwezi ukiwa mwandamo au mpevu. Kwa hiyo mtu wa pwani akisikia onyo, jambo la kwanza kujiuliza ni: mwezi u wapi, na bahari itajaa saa ngapi?

Mikoko husaidia. Mizizi yake huvunja nguvu ya mawimbi, na delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote wa Afrika Mashariki. Auchomaye mkaa mkoko wa mbele ya kijiji chake anauza ukuta wa nyumba yake kwa gunia.

Kusikia na kuondoka

Sasa nafika kwenye jambo ninalotaka wanafunzi wangu walishike. Novemba 1970 kimbunga kikubwa kiliipiga nchi ambayo leo ni Bangladesh. Walikufa watu wasiopungua 300,000, wengi wao usiku mmoja. Mtu akisikia hesabu hiyo hudhani kwamba hawakuambiwa. La! Wataalamu waliowahoji walionusurika waligundua kwamba karibu watu 90 katika kila 100 walikuwa wamesikia kwamba kimbunga kinakuja. Waliokimbilia majengo imara walikuwa kama mmoja tu katika 100. Watu walisikia, wakakaa.

Baadaye Bangladesh walijenga majengo ya kukimbilia, juu ya nguzo, wakafundisha maelfu ya watu wa kujitolea wapite vijijini na bendera na vipaza sauti. Mei 2020 kimbunga Amphan kilipokuja, watu zaidi ya milioni mbili walihamishwa, na waliokufa katika nchi hiyo hawakufika 100. Bahari ni ile ile, na nchi ni tambarare ile ile.

Kwetu hatari yangu mimi ni Jobo. Kilitangazwa siku kadhaa, watu wakajitayarisha, kikafifia, na kwa siku nyingi watu waliwacheka wataalamu. Lakini wataalamu walisema kwamba kinakuja kikiwa na nguvu kadha na huenda kikapungua, hawakuapa. Mtu akianika kahawa na wingu likatanda, huikusanya kahawa. Mvua isiponyesha, hamwiti mpumbavu.

Kazi ya siku ya kwanza

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa maonyo kwa rangi. Njano ni angalizo, rangi ya machungwa ni tahadhari, na nyekundu ni tahadhari kubwa. Kosa la wengi ni kungoja nyekundu. Kazi zote nitakazozitaja ni za njano, kwa maana rangi ikifika nyekundu barabara huenda zimekwisha jaa maji na magari yamekwisha simama.

Wavuvi ndio wa kwanza. Wengi huenda dago, yaani hukaa siku nyingi katika visiwa vidogo wakivua na kukausha samaki, na huko habari huchelewa. Hapana budi kijiji kijue nani yuko dago gani, na apelekewe habari mapema, bahari ingali inapitika. Ngalawa na mitumbwi ivutwe juu kupita alama ya maji ya bamvu, na ifungwe. Atakayejaribu kuokoa chombo upepo umekwisha anza aweza kupoteza chombo na roho pamoja.

Nyumbani, tazama paa. Bati lililopigiliwa misumari michache ni hatari kuliko makuti, kwa sababu likiruka ni panga. Pigilia, funga kwa waya, punguza matawi yanayoinamia nyumba. Vyeti, kadi za kliniki na fedha za nauli vitiwe katika mfuko wa plastiki usiopenya maji. Jaza madumu maji safi na ufunike kisima, kwani mafuriko huchanganya maji ya choo na ya kunywa, na kipindupindu hakingoji. Simu ijazwe moto, na redio iwe na betri, maana umeme waweza kukatika na minara ya simu kuanguka. Ng'ombe na mbuzi wafunguliwe. Mnyama aliyefungwa kambani hana ujanja.

Kisha kila nyumba ikubaliane itakwenda wapi: shule, msikiti au kanisa la matofali, lililo mahali palipoinuka. Wazee, wagonjwa na watoto waende kwanza, mchana, kwa njia ambayo mtu ameipitia kabla na kuihesabu ni dakika ngapi. Maji yanayokwenda kasi yakifika magotini humwangusha mtu mzima. Asiyavuke, hata akiona wengine wamevuka. Na upepo ukinyamaza ghafula, anga likapata nuru, asitoke. Hapo yawezekana yu katikati ya kimbunga, mahali paitwapo jicho. Baada ya muda upepo utarudi kutoka upande wa pili kwa nguvu ile ile.

Mzazi aliye hapa Mwika hawezi kuuzuia upepo, lakini ana simu. Mara nyingi sisi hupiga simu siku ya upepo wenyewe kuuliza, "Mko salama?" Ingefaa kupiga siku ya njano na kuuliza maswali matatu: Mtalala wapi? Mtaondoka saa ngapi? Nani atambeba bibi? Asiyekuwa na jibu atalitafuta, kwa aibu tu ya kuulizwa na mamaye.

Kazi kwa Kidato cha Pili na cha Tatu: Chora ramani ya pwani kutoka Tanga hadi Mtwara, uonyeshe Unguja, Mafia, delta ya Rufiji, Somanga na Lindi. Tia tarehe za vimbunga vilivyotajwa juu. Kisha mwulize mzazi wako jina la ndugu mmoja aishiye karibu na bahari, na jengo imara lililo karibu naye. Usipopata jibu la pili, andika namba ya simu atakayopigiwa, na nani atapiga.