Banderoli Juu ya Barabara: Wajibu wa Anayeitundika



Kila inapokaribia tarehe 1 Julai, kumbukumbu ya uhuru tulioupata mwaka 1962, vitambaa vyenye maandishi huvuka barabara za Gitega na Muyinga toka nguzo hadi nguzo. Siku nyingine hutangaza chanjo, mashindano ya mpira au sikukuu ya Idi. Ni desturi njema, nasi hatukusudii kuizuia. Lakini anga iliyo juu ya barabara ni sehemu ya barabara. Anayeitumia hana budi kuomba ruhusa, sawa na anayetaka kufunga njia kwa shughuli yake.

Sababu ya kwanza ni kimo. Malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam huingia nchini kupitia Kobero, kisha hupita Muyinga. Kontena refu lina kimo cha mita 2.9, likipakiwa juu ya trela yenye kimo cha mita 1.5, jumla ni mita 4.4. Kamba iliyofungwa kwenye mita 4 itanaswa, na nguzo yaweza kuangukia wapita njia. Kamba iliyolegea nayo huning'inia usawa wa shingo ya dereva wa pikipiki, naye usiku haioni.

Sababu ya pili ni upepo. Kitambaa cha mita 8 kwa mita 1, kikipigwa na upepo wa kilomita 50 kwa saa, husukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 100. Kamba ikikazwa hadi kunyooka, mvuto juu ya nguzo huongezeka mara kadhaa.

Sababu ya tatu ni umeme. Nguzo za Regideso si za kutundikia matangazo, na kamba iliyolowa mvua hupitisha umeme.

Kwa hiyo, mwenye shughuli tunamshauri:

1. Aombe ruhusa ya maandishi kwa uongozi wa komini, akitaja maneno ya tangazo, mahali, siku ya kutundika na siku ya kuondoa.
2. Atuarifu polisi mapema, ili tusimamishe magari wakati mafundi wako juu ya ngazi.
3. Aache nafasi isiyopungua mita 5 chini ya kitambaa, wala asifiche alama za barabarani.
4. Akiondoe kitambaa pamoja na kamba zake siku aliyoahidi.

Sharti hili la nne ndilo husahauliwa zaidi. Sherehe huisha, wageni hurudi makwao, na kamba hubaki ikichakaa juu ya vichwa vya watoto waendao shule. Ikikatika, aliyeomba ruhusa ndiye atakayeulizwa.

Ukiona banderoli imelegea, usiivute mwenyewe. Wazuie watu wasipite chini yake, kisha umwarifu mkuu wa mtaa au kituo cha polisi kilicho karibu nawe.