Dondoo muhimu: Bei na ahadi, Mwembe Tayari

Kila Desemba nauli ya Nairobi hupanda katika ofisi za mabasi pale Mwembe Tayari, Mombasa. Kupandisha si dhambi. Kosa ni kumtajia mama mwenye mizigo bei moja, na kijana aliye nyuma yake bei nyingine. Kwa hiyo, uwe mfanyabiashara au fundi:

• Bandika bei ukutani, hata kwa chaki. Ikibadilika, futa uandike upya kabla mteja hajafungua pochi.

• Ukipokea rubuni, andika kwenye risiti kiasi, siku ya kukabidhi kazi, na kitakachorudishwa mmoja wenu akighairi. "Njoo kesho, inshallah" si mkataba. Hapa ndipo mafundi cherehani hugombana na wateja kila Idi: mwezi umeandama, kanzu bado ni kitambaa.

• Mbao zimepanda bei katikati ya kazi? Mpigie mteja simu kabla hujanunua.

• Masharti yako kwa Kiingereza? Msomee mteja kwa Kiswahili kabla hajatia sahihi.

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mteja haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa au huduma. Basi usiandike kwenye tiketi nauli tofauti na pesa uliyopokea.