Somo la Robo Hii: Tupime Kompyuta ya Zamani Kabla ya Kuomba Mpya



Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya bure ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Ofisi ya usharika inayoutumia bado huenda ndimo inamotunza hesabu za sadaka na taarifa za miradi. Je, tuombe fedha za kompyuta mpya? Tunashauri hatua moja itangulie: kuongeza kumbukumbu katika kompyuta moja ya zamani, kisha kuitumia kupima mifumo mingine.

Kumbukumbu ni nini?

Kumbukumbu, yaani RAM, ni kama meza ya karani. Diski ni kabati la mafaili. Karani mwenye meza ndogo huinuka kila mara kwenda kabatini. Vivyo hivyo, kumbukumbu ikijaa kompyuta huazima nafasi kwenye diski, nayo diski ni ya polepole sana. Watu husema mashine imezeeka, kumbe meza ndiyo ndogo.

Kabla ya kununua

Kadi za kumbukumbu hazifanani. Kadi za DDR2 na DDR3 za kompyuta za mezani zote zina miguu 240, lakini mkato wake hauko mahali pamoja. DDR2 hutumia volti 1.8 na DDR3 volti 1.5. Kwa hiyo fundi aende dukani na kadi ya zamani mkononi, baada ya kusoma kitabu cha bodi kuu kujua kiwango cha juu inachokubali. Prosesa nayo iwe ya biti 64. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine za biti 32.

Kufunga na kuhakiki

1. Nakili mafaili yote kwenye diski ya nje.
2. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe.
3. Gusa chuma cha kasha kabla ya kushika kadi. Ishike pembeni, usiguse miguu yake.
4. Linganisha mkato na nafasi yake, sukuma mpaka vishikizo vifunge. Ikigoma, usilazimishe.
5. Washa, hakikisha kiasi kipya kinaonekana, kisha iache programu ya Memtest86+ ifanye kazi usiku kucha. Ikionyesha kosa hata moja, usiiamini kadi hiyo.

Kupima mifumo endeshi

Njia rahisi ni kuwasha kompyuta kwa flashi yenye mfumo wa Linux bila kugusa diski. Linux Mint huhitaji angalau gigabaiti 2, na gigabaiti 4 ndizo zinazopendekezwa. Njia ya pili ni programu ya VirtualBox, inayoendesha mfumo mmoja ndani ya mwingine. Hapa mifumo miwili hugawana meza moja: mashine yenye gigabaiti 8 inaweza kuupa mfumo wa majaribio gigabaiti 4, na mwenyeji akabaki na 4.

Windows 11 nayo hudai gigabaiti 4 za kumbukumbu, lakini pia hudai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft. Kuongeza kumbukumbu peke yake hakutaifanya mashine ya zamani ikubalike.

Mhazini mwenyewe ndiye apime: je, printa inachapa? Modemu inaunganisha? Jedwali la mapato na matumizi linafunguka katika LibreOffice bila hesabu kubadilika? Majibu yaandikwe.

Faida yake

Jaribio likifaulu, usharika umebaki na kompyuta salama kwa gharama ya kadi moja au mbili. Likishindikana, maombi ya mashine mpya yatakwenda kwa wafadhili yakiwa na ushahidi, na kadi yenyewe inaweza kuhamia kompyuta nyingine ya aina hiyo.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Kompyuta yetu ina kumbukumbu kiasi gani, na ya aina gani?
2. Nakala ya mwisho ya hesabu zetu ilifanyika lini, na inatunzwa na nani?
3. Ni kazi zipi tatu ambazo mfumo mpya lazima uziweze kabla hatujauhamia?