Siri ya Mteja na Uchungu wa Wakili



Katika somo letu la mwezi huu twapenda kutazama kazi ambayo wengi wetu tunaijua kwa nje tu, yaani kazi ya wakili. Hapa Mwanza tunawaona mawakili asubuhi wakielekea Mahakama Kuu, joho mkononi na faili kwapani. Wamevaa vizuri na wanasema vizuri, nasi tunadhani mambo yao yote ni mazuri. Je, tumewahi kujiuliza wanarudi nyumbani na mzigo gani jioni?

Sisi tulifundisha chuo cha ualimu kwa miaka mingi. Mmoja wa wanachuo wetu aliacha chaki akasomea sheria, na sasa ni wakili. Siku moja alikuja kutuamkia, tukaona amekonda. Alitueleza kwamba usingizi humkatika saa nane usiku, akakaa sebuleni mpaka kunapambazuka. Mkewe akimwuliza, humjibu kwamba ni mambo ya kazi. "Mwalimu," alituambia, "sheria inanikataza kusema."

Hapo ndipo lilipo somo letu. Tulitazame kwa utaratibu.

Mzigo wenyewe

Katika nchi yetu, mtu akipatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia, adhabu iliyowekwa na sheria ni kifo. Ni kweli kwamba tangu mwaka 1994 hakuna aliyenyongwa, lakini hukumu hiyo ingali inasomwa mahakamani. Mshitakiwa wa kesi kama hiyo asiye na uwezo hupewa wakili kwa gharama ya Serikali. Basi wakili huyo husoma taarifa ya daktari aliyeuchunguza mwili wa marehemu, huona picha, husikia mama akilia kizimbani. Sisi wa kanda hii ya Ziwa tunayajua mashauri yaliyopita mbele ya mahakama zetu: vikongwe waliouawa kwa kusingiziwa uchawi, na ndugu zetu wenye ualbino waliokatwa viungo. Mambo hayo hayasomwi kisha yakasahauliwa kama gazeti la jana.

Kesi nyingine hazina damu, lakini nazo zina uzito. Mjane anadai shamba la marehemu mumewe huko Magu. Mvuvi wa Ukerewe amekamatiwa mtumbwi wake kwa deni. Kila mmoja anamtazama wakili kana kwamba maisha yake yote yamo katika lile faili. Tena tarehe za mahakama hazingoji. Wakili akichelewa kupeleka karatasi, mteja aweza kupoteza haki yake.

Wala si hapa kwetu tu. Mwaka 2021 Chama cha Kimataifa cha Wanasheria kilitoa taarifa ya uchunguzi uliohusu wanasheria zaidi ya 3,000 wa nchi mbalimbali. Wapatao 41 katika kila 100 walisema wanaogopa kuwaeleza waajiri wao hali yao, wasije wakaharibu kazi. Basi wengi wanaumwa kimya kimya.

Vitu viwili visichanganywe

Ni kweli kwamba wakili hana ruhusa kutoa siri ya mteja wake. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inalinda maneno ya mteja kwa wakili, na ni vema, kwa maana bila ulinzi huo hakuna ambaye angethubutu kumwambia wakili ukweli. Lakini siri ya mteja ni kitu kimoja, na uchungu wa wakili ni kitu kingine. Jina la mteja, maneno yake na alichotenda, hivyo ni vya mteja. Kukosa usingizi, hofu na machozi, hivyo ni vya wakili mwenyewe, naye ana haki ya kuvisema.

Tulimwambia hivyo yule mwanachuo wetu. Aweza kumwambia mkewe, "Nina kesi inayonitisha, nami nimechoka," asitaje mtu wala mahali. Alinyamaza kidogo, kisha akasema hakuwahi kuviona kuwa vitu viwili.

Mfano wa Musa

Katika Kutoka sura ya 18 twasoma kwamba Musa aliketi kuamua mashauri ya watu tangu asubuhi hata jioni. Yethro, baba wa mkewe, alipoona hayo alimwonya kwamba atajichosha yeye na watu wake pia. Akamshauri achague watu waaminifu wamsaidie. Tuangalie jambo moja: Yethro hakumwambia Musa kwamba imani yake ni haba, wala hakumwambia aache kazi. Alimwambia mzigo ni mkubwa kwa mtu mmoja.

Mambo ya kufanya

1. Wakili agawane kazi na wenzake, na amtafute wakili mzee wa kuzungumza naye. Aliyevaa joho miaka thelathini anayajua mambo haya.

2. Akumbuke kwamba aliyeshitakiwa ni mteja, si yeye. Wajibu wake ni kutetea kwa bidii na uaminifu; kuamua ni kwa jaji.

3. Apumzike kwa mpango. Wavuvi wetu wa dagaa, mbalamwezi ikiwa kamili, hawaendi ziwani, kwa sababu dagaa hawaifuati taa. Siku hizo hushona nyavu. Hatujasikia mtu akiwaita wavivu.

4. Asitafute usingizi katika pombe. Pombe humlaza mtu saa mbili, ikamwamsha na wasiwasi mara mbili.

5. Kukosa usingizi, huzuni au kukata tamaa kukizidi majuma mawili, aende hospitali. Pale Bugando ipo idara ya afya ya akili. Kwenda huko si aibu, kama vile kupima malaria si aibu. Mtu akisema afadhali afe, asiachwe peke yake. Apelekwe siku hiyo hiyo.

Sisi nasi tufanye nini?

Tusimshike wakili mlangoni mwa kanisa na kumfungulia habari za kiwanja chetu. Jumapili ni siku yake pia. Tusimwulize kwa dharau, "Wawezaje kumtetea muuaji?" Anafanya kazi ambayo sheria inaitaka ifanyike, nasi tungeitaka mno kama mtoto wetu angesingiziwa. Na mke au mume wa wakili asidai kujua siri. Aulize tu, "Umelala? Umekula?"

Yule mwanachuo wetu alirudi baada ya miezi miwili. Kesi ile haikuwa imekwisha, na bado huamka usiku mara moja moja. Lakini alituambia kwamba siku hizi akiamka, mkewe huamka naye, wakanywa chai, wala mkewe hajui hata leo mshitakiwa ni nani.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni kazi zipi nyingine hapa kwetu zenye siri na uchungu pamoja?
2. Ni kwa jinsi gani sisi wenyewe tumeongeza mzigo wa wakili, mganga au mwalimu?
3. Katika mtaa wako, nani aweza kuwa Yethro kwa mtu aliyechoka?