Somo: Mikono Yetu Bado Inajua Kazi

Wapendwa wazazi na viongozi, vita vinaweza kumnyang'anya mtu shamba na nyumba, lakini ujuzi wa mikono yake anakimbia nao. Baada ya Nyiragongo kulipuka mwaka 2002, watu wa Goma walijenga kuta kwa mawe yaleyale ya volkano.

Zoezi: Mchana, penye usalama, tembeeni na watoto karibu na kambi. Msiguse chuma msichokijua. Kinaweza kuwa bomu. Okoteni majani makavu ya migomba, msokote kamba, mfunge mpira. Changanyeni watoto wa makabila yote. Kila mmoja amfundishe mwenzake.

Jiulizeni: Leo nimejifunza nini kwa jirani niliyemwogopa jana?