Kabla ya Kubana Mguu, Upimwe

*Dada, mimi ni mama lishe hapa stendi ya Manyoni, nina watoto watano. Nina kidonda upande wa ndani wa mguu wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, tangu kabla ya mavuno ya mwaka jana. Jioni mguu unavimba, asubuhi unapungua. Ngozi imekuwa nyeusi, ngumu, inawasha. Nimepaka kila kitu, hadi unga wa rangi mbili. Mama mkwe anasema nimekanyaga kitu cha watu. Juzi nesi kaniambia mguu ufungwe bandeji ya kubana. Jamani, kidonda kibanwe tena? – Msomaji, Manyoni*

Pole sana, mdogo wangu. Kusimama jikoni tangu chai ya alfajiri mpaka sahani ya abiria wa mwisho, huku mguu unatoa maji, si mchezo.

Hayo ya kukanyaga kitu tuyaweke pembeni kwanza. Ulivyoeleza, mguu wako unafanana sana na wenye kidonda cha vena. Vena ni mishipa inayorudisha damu kwenye moyo. Ndani yake mna vali, vijilango vinavyoiruhusu damu ipande na kuizuia isirudi chini. Mimba za kufuatana, uzito, damu iliyowahi kuganda mguuni na miaka ya kusimama huzichosha vali hizo, damu ikawa inatuama. Ukisimama tuli, mgandamizo ndani ya vena za kifundoni hufika milimita 80 hadi 90 za zebaki. Mwenye vali nzima akitembea, misuli ya shavu la mguu husukuma damu juu na mgandamizo hushuka chini ya 30. Kwa mwenye vali mbovu haushuki hivyo. Maji huvujia kwenye nyama, ngozi inadhoofika, na mkwaruzo mdogo wa kuni unageuka donda ndugu.

Sasa unaona kwa nini dawa za kupaka zimegonga mwamba, za duka na za porini. Huo unga wa rangi mbili, yaani wa vidonge vya antibiotiki, uache leo. Unaganda juu ya kidonda, unaweza kukuletea mzio, na damu iliyotuama hauigusi. Antibiotiki ni za kidonda chenye maambukizi: usaha, ngozi ya pembeni kuwa ya moto, maumivu kuzidi, homa. Hapo daktari ndiye anayeandika.

Nesi wako kasema kweli. Bandeji ya kubana ndiyo tiba yenyewe ya kidonda cha vena, maana inasukuma damu na maji kwenda juu. Hakibanwi kidonda peke yake; unafungwa mguu mzima, kuanzia vidoleni hadi chini ya goti.

Ila usikimbilie duka la dawa ukanunua bandeji ukajifunga mwenyewe. Wapo wenye shida kwenye ateri, mishipa inayoleta damu mguuni. Mguu wa namna hiyo ukiubana unaweza kuoza. Kwa hiyo mwambie daktari apime shinikizo la damu la kifundoni, alilinganishe na la mkononi. Kwa kawaida la kifundoni likigawanywa kwa la mkononi likatoa 0.8 au zaidi, bandeji ya nguvu inaruhusiwa. Likiwa chini ya hapo, daktari aamue kwanza. Chini ya 0.5, usibanwe. Wadogo zangu wenye kisukari, wavuta sigara, na wanaoumwa shavu la mguu wakitembea na kupata nafuu wakisimama, hili mlishike zaidi. Kwa wenye kisukari namba hiyo inaweza hata kudanganya, ikaonekana nzuri kuliko hali ilivyo. Wewe anzia hospitali ya wilaya hapo hapo Manyoni, upime na sukari. Wakikosa kipimo, waulize watakupa rufaa kwenda wapi, hospitali ya Mtakatifu Gaspari Itigi au ya Benjamin Mkapa Dodoma.

Ukikubaliwa, ufungwe asubuhi kabla mguu haujavimba. Kidonda kioshwe kwa maji safi ya uvuguvugu, bila spiriti. Ngozi ya pembeni ipakwe vaselini, kidonda kifunikwe, kisha pamba izungushwe ili mfupa wa mbele usichubuke. Unyayo uukunje kama umesimama, bandeji ianzie chini ya vidole, ifunike kisigino, kila mzunguko ulale juu ya nusu ya uliotangulia. Mvuto uwe ule ule mpaka juu. Usikaze zaidi kifundoni. Kifundo ni chembamba, kwa mvuto huo huo kinabanwa zaidi kuliko shavu. Ukimaliza, bonyeza ukucha wa kidole gumba cha mguu huo: rangi irudi mara moja. Vidole vikipoa, vikifa ganzi au maumivu yakizidi, fungua hapo hapo, hata kama ni usiku wa manane, kisha urudi hospitali.

Siku za kwanza utahisi kubanwa, na joto la Manyoni halitakuonea huruma. Vumilia. Kazi usiache, ila usisimame kama nguzo: tembea, na ukiwa unakoroga sufuria, nyanyua visigino na kushusha. Wateja wakipungua, jilaze miguu ikiwa juu kuliko kifua. Vidonda vingi vya aina hii hupona kati ya miezi mitatu na sita. Miezi mitatu ikipita bila dalili ya kufunga, rudi wachunguze upya, maana selimundu, ukoma na hata saratani ya ngozi huleta vidonda visivyopona. Na mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, hasa baada ya kujifungua, usingoje kesho.

Kikishafunga, wengi hutupa bandeji wakashangilia, kidonda kikarudi. Vali hazijapona. Utavaa soksi za kubana kila siku, na zikilegea ununue nyingine. Weka fungu lake pembeni kila wiki, kama unavyoweka la mkaa.

Mama mkwe usigombane naye. Mchukue mwende wote kliniki, nesi amfundishe kufunga. Mguu wa mtu mwingine ni rahisi kuufunga kuliko wako, na yeye ndiye anayekuwa nyumbani asubuhi. Kisha niandikie kipimo kimesemaje.