Nyota Ikizimika, Huenda Wapi?

Mwaka huu sikutaka kuandika insha ya methali. Nimechagua nyota, maana wengi wetu hudhani Kiswahili na fizikia ni kama mafuta na maji. Haya, tuone.

Uzito wa Jua huvuta kila kitu ndani, nao moto wake wa kinyuklia husukuma nje. Sasa kuni zikiisha je? Nyota hujikunja. Tazameni Sirius B: uzito wake ni karibu sawa na wa Jua, lakini ukubwa wake ni kama dunia yetu tu. Kijiko kimoja cha chai kilichojazwa vitu vyake kingekuwa na uzito wa tani kadhaa! Nyota ya namna hiyo huitwa kibete cheupe.

Ni nini basi kinachoizuia isizidi kujikunja? Hapa ndipo inapoingia fizikia ya kwanta, yaani ile ya vitu vidogo mno kama elektroni. Mwaka 1925 Wolfgang Pauli alieleza kwamba elektroni mbili haziwezi kukaa katika hali moja. Fikirieni bweni lenye vitanda vya ghorofa nyingi, kila kitanda mtu mmoja, hakuna kubanana. Vya chini vikijaa, wengine watapanda juu. Kwa elektroni, kupanda juu ni kwenda mbio zaidi. Nyota ikibanwa, elektroni hukimbia, na mbio hizo husukuma nje hata nyota ikipoa kabisa. R. H. Fowler alilieleza jambo hili mwaka 1926, na ikaonekana kila nyota ina mwisho wa amani.

Julai 1930, kijana wa miaka 19, Subrahmanyan Chandrasekhar, alipanda meli Bombay kwenda kusoma Uingereza. Humo melini akajiuliza: kwani hizo elektroni zinakimbia kasi gani? Akapiga hesabu, akaona zinaukaribia mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde. Lo! Nadharia ya uhusianifu ya Einstein ya mwaka 1905 inasema hakuna cha kuupita mwanga. Basi mbio za elektroni zina kikomo, lakini uzito wa nyota waweza kuzidi. Kwa hesabu za leo, kibete kikizidi uzito wa Jua mara 1.4 hivi, elektroni hushindwa. Mnaona? Kwanta peke yake ilisema nyota iko salama. Ukiingiza uhusianifu, usalama unatoweka.

Januari 1935 alilieleza hili London mbele ya wanafalaki. Mara akasimama Arthur Eddington, bingwa yule yule aliyekwenda kisiwa cha Principe, Afrika, mwaka 1919 kuipima nadharia ya Einstein Jua lilipopatwa. Akasema muungano huo wa kwanta na uhusianifu ni ndoa isiyo halali, na kwamba lazima iwepo sheria ya kuikataza nyota upuuzi kama huo. Watu wakacheka. Mimi niliposoma haya niliudhika kweli. Mzee hakuonyesha kosa lolote katika hesabu; jibu tu ndilo lililomchukiza.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu, ikaitwa Uhuru. Ilichunguza miali ya eksirei, ikaona Centaurus X-3 ikimetameta kila sekunde 4.8: hiyo ni nyota ya nyutroni, iliyobanwa kuliko kibete chochote. Habari zake za Cygnus X-1 nazo zilisaidia kutambua huko shimo jeusi, ambamo hata mwanga hautoki. Chandrasekhar alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1983, miaka 53 baada ya safari ile.

Lakini ndoa yenyewe haijakamilika. Uhusianifu wa melini ulikuwa ule wa 1905. Ule wa 1915, unaoeleza mvutano wenyewe, bado haujapatana na kwanta. Mwaka 1974 Stephen Hawking alivitumia vyote viwili ukingoni mwa shimo jeusi, akapata kwamba lazima litoe joto kidogo. Kule katikati, hesabu za Einstein hutoa msongamano usio na mwisho, jibu ambalo mwalimu wetu wa hesabu angelitia mkasi mwekundu. Mwenye fununu anitafute maktabani, ila si saa za prepu.